Mdudu Alikuwa na Jina

Riwaya yangu imefika kaunta buku ya tatu na hapo imekwama. Imekwama kwa ajili ya adui. Ninyi wenzangu mnaohangaika na kalamu mnajua ninachosema: hadithi haiendi mpaka apatikane mtu mbaya, na mtu mbaya sharti awe na sura. Wangu nilimpa kila kitu. Nilimpa kovu shavuni, miwani myeusi, gari lenye vioo vya giza na kicheko cha kutia baridi. Nilimwona mkali kwelikweli. Lakini tangu Aprili 2024, kila nikikaa nimwandike namwona kama mtoto aliyevaa koti la baba yake. Nimekwisha kutana na muuaji mwingine, asiye na uso wala macho, asiye hata na nia ya kuua. Basi leo riwaya ikae kando. Naomba nafasi nimweleze huyo.

Mie ni mtu wa Mikese. Wengi wenu mmeipita mkiwa mmesinzia. Ukitoka Dar kwa basi, zikibaki kama kilomita thelathini kuingia Morogoro mjini, milima ya Uluguru imeshajitokeza mkono wa kushoto, hapo ndipo kwetu. Barabara kuu hii hapa, reli ya Mjerumani ile pale, malori usiku kucha. Baada ya kidato cha nne nilifungua kibanda. Nauza machungwa, maji na vocha, na wateja wakiadimika naandika.

Dada yangu, wa tumbo moja, ameolewa na dereva wa lori. Shemeji ni mtu mwema lakini ni mtu wa njia, leo yuko Tunduma kesho yuko Kasumbalesa. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye kauli juu yake. Ujomba wenyewe mie niliupata nikiwa na miaka ishirini na minne, bila kuuomba, usiku wa mvua, simu ya Mama ikinieleza kwamba Dada ameshikwa na uchungu na mimba ni ya wiki thelathini tu.

Alijifungua mtoto wa kike, kilo moja na gramu mia mbili. Njiti. Wakamhamishia hospitali moja kubwa yenye wodi ya watoto wachanga mahututi. Hospitali hiyo siitaji jina, na wala msihangaike kukisia, kwa sababu mambo niliyoyaona kule yanaonekana kwenye nyingi.

Kwenye kifundo cha mkono wake walimfunga plasta yenye herufi B/O na jina la dada yangu. Maana yake mtoto wa fulani. Mwenyewe hakuwa na jina bado, tulikuwa tunangoja siku ya saba kama ilivyo desturi. Nilipoingia kumwona mara ya kwanza nilidhani wamenionyesha kikunjo cha khanga. Mkono wake ungeweza kupita ndani ya pete ya Mama. Mpira mwembamba puani wa kumpitishia maziwa, mwingine wa hewa ya oksijeni, na mkononi sindano ya kanyula iliyofungwa kwa plasta ndefu kuliko mkono wenyewe. Nikasema moyoni, huyu hata akipiga chafya atavunjika. Nilikosea. Alikuwa mgumu. Siku ya tano alikuwa anakunywa maziwa ya mama yake, mililita tano kila baada ya saa tatu, na sista mmoja mnene mwenye sauti ya ukali na mikono ya upole akamwambia Dada: "Huyu wa kwako ana hasira ya kuishi, mama." Wakaanza kumfunga kifuani kwa Dada, ngozi kwa ngozi, ile wanayoiita kangaruu. Nikampigia shemeji Tunduma. Shemeji akalia kwenye simu, akaikata kwa aibu.

Sasa nieleze wodi yenyewe. Kulikuwa na watoto ishirini na saba, niliwahesabu, na vitanda visivyofika idadi hiyo, kwa hiyo wengine walilala wawili wawili, wengine watatu chini ya taa moja ya joto. Usiku walibaki masista wawili. Piga hesabu mwenyewe, msomaji. Kila mtoto anatakiwa kulishwa kila saa tatu, kubadilishwa, kuchomwa dawa, kuangaliwa hewa. Mashine ya kunyonya makohozi ilikuwa moja, ikitembezwa kitanda hadi kitanda. Mlangoni palikuwa na sinki, na juu ya sinki pamebandikwa picha nzuri sana za namna ya kunawa mikono. Ukifungua bomba linakohoa hewa. Pembeni wameweka ndoo ya koki, na ndoo ile ikiisha maji saa nane za usiku, nani aende kuijaza? Yule mmoja akienda, anabaki mmoja na watoto ishirini na saba. Na hii ni nchi ambayo maji ya milima yetu ya Uluguru yanateremka mto Ruvu hadi kunywewa Dar es Salaam.

Siku ya saba, siku ya jina, Dada alinipigia alfajiri. Mtoto alikuwa wa baridi. Maziwa hayapokei, tumbo limejaa, na mara mbili usiku alisahau kuvuta pumzi mpaka sista akamtekenya nyayo. Walimtoa damu ya kupima. Dawa alizokuwa akichomwa tangu kuzaliwa, ampisilini na jentamisini, zikasimamishwa, akaanzishiwa seftriaksoni. Siku ya nane hali ileile. Siku ya tisa mbaya zaidi.

Ndipo nilipomkabili intani, yaani daktari kijana aliye mazoezini, tuliyelingana naye umri kabisa. Alikuwa amekaa ngazini anakula chapati kavu, na macho yake yalionyesha hajalala siku mbili. Nikamwamkia, nikamwambia mie ni mjomba wa mtoto fulani.

"Mjomba, mtoto ana vimelea kwenye damu," akasema.

"Kavipata wapi? Tumboni kwa mama yake?"

Angeweza kusema ndiyo. Angeweza kusema ni kwa sababu ya unjiti, ni kazi ya Mungu, nami ningeitikia na kuondoka. Alikunja ile chapati akairudisha kwenye karatasi yake.

"Nadhani kavipata humu humu ndani," akasema. "Na nadhani dawa tulizonazo haviziogopi."

Watu wengi tuliongea nao siku zile. Huyu ndiye peke yake ninayemkumbuka kwa maneno aliyoyasema. Aliniandikia kwenye kipande cha karatasi jina la dawa, meropenemu, kwa kuwa wodini haikuwepo, nikaitafute nje. Famasi ya kwanza hawana. Ya pili wanayo lakini mwenye ufunguo wa kabati kaenda msibani. Ya tatu wanayo. Bei yake siitaji, niseme tu Mama aliuza mbuzi wawili kwa simu, bila hata kuonana na mnunuzi, na madereva wanaoegesha malori pale kibandani kwangu walichanga elfu mbili mbili, wakaituma. Alichomwa siku mbili. Siku ya kumi na moja, kabla ya adhana ya alfajiri, akafariki. Kwenye cheti wakaandika: unjiti.

Tulimzika Mikese. Kabla ya kuzikwa alipewa jina, na jina hilo tunalo wenyewe nyumbani, sitaliweka gazetini.

Siku mbili baada ya mazishi yule intani alinipigia. Majibu ya damu yametoka. Nadhani hakulazimika kunipigia. Mtoto amekwisha zikwa, faili limefungwa, nani angeuliza? Nilipanda basi nikaenda nikapewa karatasi. Hapo lazima nieleze kidogo, maana nami nilidhani damu inapimwa kama malaria, unakaa kwenye benchi unaitwa. Kumbe hapana. Damu hutiwa kwenye chupa yenye chakula cha vimelea, ikawekwa kwenye joto, ikangojwa. Kama kuna mdudu ataota, kama mbegu. Akishaota hutandazwa kwenye kisahani, na dawa mbalimbali huwekwa juu yake vidonge vidogo vidogo, waone ipi itamuua na ipi atailalia. Yote hayo huchukua siku mbili, tatu, na zaidi. Mtoto wa kilo moja hana siku tatu.

Karatasi ilisema: Klebsiella. Chini yake orodha ya dawa, na mbele ya kila dawa herufi. Ampisilini, sugu. Jentamisini, sugu. Seftriaksoni, sugu. Nikateremka na kidole mpaka chini. Meropenemu, hapo ndipo mdudu anakufa. Kwa hiyo ile dawa ya mbuzi wawili ilikuwa ndiyo yenyewe, ila ilifika siku ya tisa.

Nilirudi Mikese na karatasi ile siku ya kuanua matanga. Nikakuta maneno.

Ninyi mnajua misiba yetu. Siku ya kwanza watu wanalia, siku ya pili wanapika, siku ya tatu wanatafuta mwenye makosa. Mama mkwe wa Dada alikuwa amekwisha sema, kwa sauti ya mtu asiyetaka ugomvi, kwamba nyumba yao haijawahi kuzika njiti. Mama mdogo wetu, wa upande wetu kabisa, akasema alimwona Dada kwa macho yake akijitwika ndoo mimba ikiwa kubwa. Mwingine akaleta jicho la watu, mwingine akataka kujua kama Dada alikuwa akitembea usiku. Dada mwenyewe amekaa mkekani, kanga kichwani, maziwa yamelowesha blauzi yake kwa sababu mwili ulikuwa haujaambiwa kwamba mtoto hayupo. Hakujibu hata moja. Nilimtazama nikaona ameshaanza kuwasadiki.

Nikaomba kusema. Kwa umri wangu ningenyamazishwa, lakini kwa ujomba nilikuwa na haki. Nikasimama nikasoma ile karatasi yote, hata nisichoweza kukitamka. Nikasema mtoto hakufa kwa ndoo, wala kwa jicho. Unjiti ulimdhoofisha, ndiyo, lakini siku ya tano alikuwa anakunywa maziwa na kukua. Aliuawa na mdudu aliyemkuta kule kule wodini. Mdudu huyo anajulikana, amepimwa, na jina lake ni hili.

Babu akauliza: "Huyo Klebisi ni mtu wa wapi?"

Nikamwambia lile ni jina la daktari wa Kijerumani wa zamani, Edwin Klebs, aliyezaliwa 1834 na kufa 1913. Wenzake walilipa kundi la vijidudu jina lake kwa heshima.

"Wajerumani tena," akasema Babu, akitazama upande wa reli. Watu wakacheka. Walicheka msibani, na mie nikamshukuru mzee wangu, kwa maana kifundo fulani kilifunguka pale. Lakini nilibaki na uchungu wangu pembeni. Mdudu kapewa jina la mtu, kwa heshima, na mtoto wetu siku zote zile alikuwa B/O.

Mama mkwe hakucheka. Alinitazama akauliza taratibu: "Kwa hiyo si mikono yake huyu?"

"Si mikono yake, mama."

"Mikono ya nani basi?"

Swali hili sikulijibu siku ile, na ndilo lililonitoa kwenye riwaya. Tangu hapo nimesoma kwa simu, kamusi ya Kiingereza pembeni, kibandani, mpaka wateja wakanizoea na kuanza kuniita Dokta.

Jambo la kwanza nililolikuta ni kwamba sisi si wa kwanza. Pale Muhimbili watafiti waliwafuatilia watoto wa umri hadi miaka saba waliolazwa na dalili za maambukizi mwilini mwaka 2001 na 2002, jumla walilazwa mara 1,828, wakaotesha damu zao. Kazi yao ilichapishwa 2007. Kwa watoto waliokutwa na vimelea vya kundi hili la akina Klebsiella kwenye damu, walikufa 43.5 katika kila mia. Kwa watoto wa malaria walikufa 20.2 katika kila mia. Soma tena, msomaji. Malaria tunaipigia ngoma, ina vyandarua, ina nyimbo redioni. Hawa wengine walikuwa wanaua mara mbili ya hapo kati ya wale waliowapata, na watafiti waliona wazi kwamba pale dawa ilipokuwa haimwezi mdudu, mtoto alikuwa karibu zaidi na kaburi. Mie 2001 nilikuwa ningali mtoto mchanga. Jambo limejulikana umri wangu mzima.

Huko Kilifi, pwani ya Kenya, walihesabu kitu kingine: nani alikuja na vimelea kwenye damu kutoka nyumbani, na nani aliwapata akiwa amekwisha lazwa. Walifanya hivyo kuanzia 2002 hadi 2009. Waliotoka navyo nyumbani walikufa 24 katika kila mia. Waliovipata hospitalini walikufa 53. Na Bugando, Mwanza, wameandika mara kadhaa juu ya Klebsiella sugu kwa watoto wachanga. Kwa hiyo yule intani na chapati yake hakuwa anabahatisha.

Mdudu mwenyewe si jitu la ajabu. Anaishi matumboni mwetu, mwako na mwangu, bila kelele. Anapenda majimaji: sinki, mpira wa kupitishia hewa, chupa ya dawa iliyochomwa sindano mara kumi. Kwa mtu mzima anapita. Lakini njiti ngozi yake ni karatasi, na kinga ambayo mtoto hupokea kwa mama wiki za mwisho za mimba hakuipokea, kwa sababu wiki zile hakuwemo tumboni. Ukimchoma kanyula umemfungulia mlango. Halafu mkono unatoka kwa mtoto huyu kwenda kwa yule, dakika moja tu, maji hakuna, na yule wa kitandani pale ameacha kupumua. Wewe ungenawa au ungekimbia? Nimejiuliza mara nyingi na najua mie ningekimbia.

Kwa hiyo nimwambie mama mkwe ni mikono ya sista? Yule sista mnene alimtekenya mwanetu nyayo mara mbili usiku ule akamrudisha. Siwezi kumweka kwenye riwaya na kovu shavuni.

Mambo haya ya mikono yana historia yake ya kusikitisha. Mwaka 1847, Vienna, daktari Semmelweis aliona wanawake waliozalishwa na madaktari wanakufa kwa homa kuliko waliozalishwa na wakunga. Madaktari walikuwa wanatoka kupasua maiti moja kwa moja kwenda kwa wazazi. Akawalazimisha wanawe kwa maji ya klorini, na vifo vikashuka sana. Wakubwa wenzake wengi hawakutaka kusikia kwamba mikono ya mheshimiwa inaweza kuua. Alikufa 1865 katika nyumba ya wagonjwa wa akili. Anayetaka mhusika wa riwaya ya majonzi, huyo hapo, mie nimewaachia.

Sasa usugu. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alipopewa tuzo ya Nobel mwaka 1945 alionya kwamba mtu akitumia dawa pungufu, wadudu dhaifu watakufa na wale wababe watabaki wakizoea. Ndivyo ilivyokwenda. Na Klebsiella ana hila ya ziada: anaweza kumgawia mwenzake maarifa ya kuishinda dawa, hata mwenzake wa aina nyingine, kama wanafunzi wanavyopeana majibu chini ya dawati. Wababe wa namna ya huyu wetu hutoa kitu kinachoikatakata dawa kabla haijafanya kazi.

Nyumbani kwetu dawa pungufu si habari ngeni. Mtu ana kikohozi, anakwenda dukani na mia tano, anapewa vidonge viwili vya rangi mbili, anameza kimoja na kingine anamwekea mkewe. Wafugaji wa kuku wa kisasa nao wanatia dawa kwenye maji ya kunywa hata kuku akiwa mzima, ili asiugue. Serikali ina mpango wake, wa kwanza ulikuwa wa 2017 hadi 2022, wa pili 2023 hadi 2028. Wamelipa tatizo lenyewe jina la kifupi, UVIDA, na kampeni inayosema Holela-Holela Itakukosti. Kaulimbiu nzuri, ina vina, inakaa mdomoni.

Hapa lakini nina ugomvi. Holela ya nani, na imemkosti nani? Dada yangu hakununua kidonge kimoja dukani mimba yote. Kadi yake ya kliniki ina mihuri kila mahali panapotakiwa. Mtoto wake alizaliwa hajawahi kumeza kitu chochote duniani, na ndani ya siku saba alikuwa na mdudu asiyesikia dawa tatu. Yule aliyemeza kidonge kimoja na kumwekea mkewe cha pili anaendelea vizuri, ni mteja wangu wa machungwa. Bango likimnyoshea kidole mnunuzi wa vidonge viwili nalikubali nusu. Nusu nyingine ningetaka libandikwe juu ya lile sinki, limnyoshee kidole aliyepanga bajeti ya wodi ya watoto ishirini na saba bila tangi la maji na bila sista wa tatu wa usiku.

Wanasayansi wanakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani waliuawa moja kwa moja na usugu huu, na mmoja katika kila watano alikuwa mtoto wa chini ya miaka mitano. Kote duniani wanatafuta dawa mpya, na watafute. Lakini mie nimeona kitu kidogo kinachonikera zaidi. Shirika la Afya Duniani limetoa maelekezo ya kutengeneza dawa ya kupaka mikono pale ambapo maji hayapo, kwa spiriti, glisarini, na kiasi kidogo cha dawa ya kusafishia vidonda. Unapaka, unasugua nusu dakika, umemaliza, hakuna kusubiri ndoo. Na spiriti? Kilombero, mkoa wetu huu huu, inatengenezwa kwa molasi ya miwa. Chupa moja mfukoni mwa kila sista. Siku zote kumi na moja, wodini mle niliona chupa moja tu ya namna hiyo, juu ya meza ya mkuu wa wodi, na ilikuwa ya wageni.

Mama mkwe nilimfuata baadaye, nikamweleza haya yote kwa Kiswahili cha kawaida, kama ninavyowaeleza ninyi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema angependa kumwona huyo aliyepanga bajeti, amuulize kama ana wajukuu. Hakuomba radhi kwa Dada, watu wa rika lake hawaombi. Ila alimpelekea kuku mtetea na unga wa ulezi, na tangu siku ile neno la nyumba isiyozika njiti halijasikika.

Dada ni mjamzito tena. Miezi mitano sasa, na shemeji amepunguza safari za mbali. Ile karatasi anayo yeye. Mie nilitaka kuitunza pamoja na maandishi yangu, akakataa, ameikunja mara nne kaiweka ndani ya kadi ya kliniki. Mwezi uliopita nilimsindikiza. Nesi alipouliza juu ya mimba iliyotangulia, Dada badala ya kujibu akaitoa akampa. Nesi aliisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna maandishi zaidi, akaisoma tena. Akauliza mtoto alifia wapi, Dada akamtajia. Yule nesi akakaa kimya kidogo, halafu akauliza kama anaweza kuipiga picha kwa simu yake, kuna mtu anataka kumwonyesha. Dada akaninyooshea kidole: "Muulize mjomba wake." Nikasema piga.